Kompyuta ya Marehemu Wifi Yangu Haitapona, na Pacha Wangu Hajui

Admin, naomba usiweke namba wala picha yangu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani, naishi Bariadi mjini na mume wangu na watoto. Nina pacha wa kiume. Mimi ni Kulwa, yeye ni Doto. Huku Usukumani majina haya yako kila mtaa, hakuna atakayenitambua.

Mwaka jana Doto alifiwa na mke wake akijifungua, na mtoto naye hakupona. Wifi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya msiba Doto aliacha kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akawa analala tu mchana kutwa, hataki kula. Nikamleta kwangu. Alikuja na begi la nguo na kompyuta ya zamani ambayo wifi alikuwa anachapia mitihani.

Windows ilikuwa imeshaizidi nguvu ile kompyuta. Siku moja Doto akaenda kwa rafiki yake, akarudi na Linux kwenye flashi, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, akaiweka. Ikawaka vizuri, akatabasamu. Sikuwa nimeona meno yake tangu tuzike. Haikuchukua muda ikaganda, maandishi meupe yakajaa kwenye kioo cheusi, ikazima.

Tangu hapo anaamka mapema, anaoga, anakunywa chai, anakaa nayo. Alihisi ni joto, akaifungua akatoa vumbi. Ikazima. Akabadilisha RAM, kile kijibao cha kumbukumbu. Ikazima. Akaweka Linux nyepesi zaidi, akawa anauliza watu mtandaoni. Nilipomwambia apumzike alinijibu taratibu, "Kulwa, mke wangu nilimpeleka hospitali nikakaa kwenye benchi, sikuwa na la kufanya. Hii angalau naweza kuihangaikia. Ikikaa siku nzima bila kuzima, narudi kazini."

Wiki iliyopita alienda kijijini Sapiwi kumwona mama. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi hapa mjini. Akaijaribu, akaniambia, "Dada, shida siyo Linux. Ubao mkuu, huu unaobeba kila kitu ndani, ndio unakufa. Hata uweke nini, itazima tu. Nitakutolea mafaili ukitaka, ila mashine haina dawa." Nikairudisha mezani kabla Doto hajarudi.

Jana msimamizi wake wa kiwandani alinipigia. Msimu wa pamba unaanza, wanamhitaji, asipokwenda wanachukua mtu mwingine. Nikamfikishia Doto. Akasema, "Waambie wasubiri kidogo, nakaribia kuipata."

Leo mchana ameniita. "Njoo uone, haijazima tangu asubuhi." Nikasimama nyuma yake. Alikuwa amefungua mtihani wa hesabu wa darasa la nne alioutunga wifi, anausoma swali kwa swali. Tukiwa tunauangalia, ikaganda. Akabonyeza kitufe cha kuiwasha upya.

Mume wangu anasema niifiche, niseme imeibiwa. Kumdanganya pacha wangu siwezi. Lakini nikimwambia ukweli naogopa atarudi kulala, na safari hii sijui nitamwamsha na nini. Nikinyamaza, kazi inaondoka huku anapigana na kitu kilichokwisha kufa. Ninyi mliowahi kuishi na mtu aliyefiwa hivi, nishaurini ndugu zangu. Nimwambie? Na nikimwambia, naanzia wapi?