Mama na Wacheza Vishada

Mama yangu hakujua kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu tangu tumzike, Mwenyezi Mungu amrehemu, watu wanaokuja kutupa pole wanamsifu kana kwamba alizaliwa ndani ya maji. Bahari haikuwahi kumpita magoti. Akiingia, mkono mmoja ulishika gauni, wa pili ulimshika mtu yeyote aliye karibu, amjue asimjue.

Kazi yake ilikuwa kufundisha chekechea. Alipostaafu alibaki nyumbani na mimi na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wake, na nyumba ikawa ndogo ghafla. Alitupanga. Viatu kwa ukubwa, vikombe kwa rangi. Nikipiga chafya ananiuliza kitambaa changu kiko wapi, na mimi ni mama wa watu.

Tuliokolewa na vishada. Mdogo wangu alikuwa amejifunza mchezo wa pale ghubani: mtu anasimama juu ya ubao, amejifunga mkanda kiunoni, na kishada kikubwa kama paa la kibanda kinamvuta juu ya maji. Mama akaenda siku moja kumwangalia tu. Akamwona mwanawe ananyanyuliwa hewani, miguu inaning'inia. Alipiga kelele hadi wapita njia wakadhani ameibiwa.

"Shuka! Nimesema shuka!"

"Mama, ndio mchezo wenyewe!"

"Mchezo gani mtu hana pa kukanyaga?"

Kesho yake akarudi na firimbi.

Ghuba ile si ya kufanyia mzaha. Maji yakijaa inapendeza. Yakipwa yanakimbilia mbali na kuacha matope na mawe makali. Mama hakuyajua hayo, ila hakuona haya kuuliza. Aliwauliza wenye mashua mpaka wakawa wakimwona wanajifanya wana haraka. Halafu akajipa kazi. Kishada hakiruki peke yake. Lazima mtu akishike kwanza mpaka mwenyewe awe tayari. Mama akawa ndiye mshikaji, na alikuwa haachii kabla hajauliza.

"Maji yanajaa au yanapwa?"

"Yanajaa, Mwalimu."

"Upepo unatoka wapi?"

"Ubavuni, Mwalimu."

"Ukizidiwa?"

"Nafyatua mkanda, naachia kishada."

"Msalani umekwenda?"

Mtu mzima, ndevu zimejaa kidevu, anaangalia chini. "Bado."

"Nenda. Kishada nimekishika, hakikimbii."

Darasani kwake kila mtoto alikuwa na picha yake pale anapotundika mkoba. Mama akauhamishia utaratibu ule ufukweni. Alipigilia misumari kwenye ubao mrefu, akauegemeza kwenye ukuta wa kituo wanapokodisha vishada. Unaingia majini, unatundika picha yako. Unatoka, unaichukua. Alizichora mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa Kikombe. Karani wa benki alikuwa Bata. Fundi bomba, jitu la miraba minne, alikuwa Nanasi, na aliitika.

Mwenye kituo, ambaye sote tulimwita Bosi, alikataa.

"Mwalimu, mimi si mtoto wa chekechea."

"Sawa, baba. Basi usipotee."

Alasiri moja watu wote walitoka majini, lakini Nanasi ikabaki msumarini. Mama akapuliza firimbi hadi mashavu yakataka kupasuka. Wageni wa Bosi waliokuwa ndio kwanza wanavaa mikanda wakazuiwa. Mashua ikatolewa. Mama akapiga magoti mchangani, akaomba kwa sauti: "Ee Mungu, huyu ni mzito, atazama upesi, na wewe fanya upesi."

Mdogo wangu alitumwa kumwandaa mke wa fundi bomba kwa habari mbaya. Akabisha hodi, machozi yakimlengalenga. Mlango ukafunguliwa na Nanasi mwenyewe, mdomo umejaa chakula.

"Vipi, kuna nini?"

Alikuwa amepigiwa simu kwamba bomba la mteja limepasuka, akatoka mbio, picha akaisahau, na kazi ilipokwisha akaenda zake nyumbani kula.

Bosi alichemka. "Umenifukuzia wageni kwa ajili ya picha ya tunda!"

"Nilikuwa namtafuta mtu," Mama akasema. "Si tunda."

"Kuanzia kesho, Mwalimu, pumzika nyumbani." Na ule ubao akautia stoo.

Mama alikaa nyumbani, na hakupanga kitu. Viatu vilichanganyikana mlangoni, naye akaviruka akapita. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Sina kazi."

Mimi na mdogo wangu, ambao kwa muda mrefu tulimwomba Mungu ampunguzie Mama sauti, sasa tulikuwa tunamwomba amrudishie. Nadhani huko juu walitushangaa.

Siku chache baadaye Bosi alijishikia kazi ya kuwarusha watu, na namna yake ilikuwa fupi: "Haya, twende!" Akaenda na yeye, pamoja na wageni. Maji yalikuwa yanapwa. Hakuna aliyeuliza. Walipogeuka kurudi hapakuwa na bahari ya kurudia. Walitembea matopeni, kila mmoja amekumbatia kishada chake kama mtu anayehama nyumba kwa aibu, huku ufukwe mzima unawatazama.

Jioni hiyo hiyo kundi likaja kwetu. Nanasi, Bata, wengine, na katikati Bosi, tope hadi mapajani, kiatu kimoja. Mama akasimama mlangoni.

"Miguu," akasema.

Wakaenda bombani uani, wakapanga foleni bila kuambiwa.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi," Bosi akaanza.

"Nani alikuuliza habari za maji kabla hujaingia?"

"Hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

"Wewe hukuwepo."

Niliona midomo ya Mama inacheza, nikajua anamshukuru Mungu. Kisha akamgeukia fundi bomba.

"Na wewe. Mkeo angeambiwa ni mjane huku unatafuna."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Utakaa kando siku nzima, utazame wenzako wanavyocheza."

"Sawa, Mwalimu."

"Na mimi?" akauliza Bosi.

"Wewe nitakuchorea."

"Labda simba?"

"Simba hatembei hivyo matopeni. Konokono."

Nanasi alicheka hadi akaegemea ukuta. Bosi akasema asante.

Siku iliyofuata ubao ulikuwa umerudishwa mahali pake, na kando yake kiti cha kuegemea kimewekwa kivulini. Wageni walikuwa wengi, vishada vimeshajazwa hewa. Mama alifika, akashika ncha ya mtandio wake, akauachia upepo. Mtandio ukaelekea baharini. Huo ndio upepo mbaya kuliko wote: unatoka nchi kavu, unakuchukua moja kwa moja, na mbele hakuna wa kukupokea.

"Leo hakuna kuingia," akasema.

"Mwalimu," Bosi akanong'ona, "watu wameshavaa."

"Wavue."

Bosi akafungua mdomo. Akawatazama wageni, akamtazama Mama, akaufunga. Halafu akageuka, akapaza sauti: "Mmesikia! Vueni!"

Wakavua. Mama akakaa kwenye kiti, akakunja mikono, akailinda bahari tupu mpaka jioni, na tangu astaafu sikuwahi kumwona na furaha kama ile.