Binamu Yangu Ameniomba Msamaha kwa Kosa Langu Mimi

Admin, nifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka themanini na saba, naishi Subukia. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana nikimpa mjukuu aniandikie, ukoo wote utajua kabla ya chai ya saa nne.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana, nikitunza bustani ya mzungu hapa hapa Subukia. Kazi hiyo nilitafutiwa na mjomba wangu, aliyeishi kwenye shamba hilo na familia yake na ng'ombe wake sita. Memsahibu akataka kuuza nyumba arudi kwao. Akaniambia, "Mnunuzi anakuja Jumamosi. Sitaki aone hata jani moja kavu." Nilikata nyasi, nikapogoa mawaridi, nikapaka mawe ya njiani chokaa. Nilijivunia ile bustani, sitadanganya.

Ijumaa nilikuwa nikibeba samadi kwa toroli kutoka boma la mjomba. Kila safari nifungue lango, nilifunge tena. Nikaona ni usumbufu. Nikalifunga kwa kamba libaki wazi, na nilipochoka nikaenda kunywa uji. Kurudi, ng'ombe wa mjomba wamejaa bustanini, mawaridi yameliwa, nyasi zimekuwa tope. Sikuanza kwa kuwafukuza. Nilianza kwa kufungua ile kamba na kuitia mfukoni.

Mjomba akaja mbio. "Nani ameacha hii gate wazi?"

Nikasema mimi nililifunga, labda aulize mchungaji. Mchungaji alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, nimwite Esta. Asubuhi hiyo alikuwa amepita pale langoni kwenda kunywa maji ya mfereji, kwa hiyo hata yeye hakuwa na hakika. Alisema tu, "Baba, nilidhani nimefunga."

Alichapwa nikiangalia. Mnunuzi alikuja, akatazama, akaenda zake. Jumatatu mjomba akafukuzwa na familia yake, mimi nikabakizwa kazini. Esta hakuona shule tena. Mjomba alikufa akimwita "huyu aliyetuhamisha", na mimi nilikuwa nikienda kwao Krismasi, nakula, nanyamaza. Nilikuwa mwoga, na bado ni mwoga.

Wiki iliyopita Esta aliniita. Ni mgonjwa sana, yuko kwa binti yake huko Kaptembwo, na daktari amesema wamrudishe tu nyumbani. Akanishika mkono mbele ya watoto wake. "Ndugu yangu, baba alikufa bila kunisamehe ile maneno ya gate. Wewe ndiye mkubwa umebaki. Nisamehe kwa niaba yake, nipumzike."

Wote wakanitazama. Nikamwekea mkono kichwani nikasema, "Nimekusamehe."

Alilia kwa furaha, akaniambia asante. Akapata usingizi. Wanawe wanasema ni mara ya kwanza kulala vizuri tangu augue, na wananipigia simu kunishukuru.

Wanangu, nishaurini. Nirudi Kaptembwo nimwamshe?