Chumvi ya Mama Haikuwa na Kosa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, kwetu Narung'ombe, nilianza kukojoa damu, na kwa damu hiyo mama yangu akapewa talaka. Leo nina wajukuu, na hasira ile haijapoa.

Baba alikuwa Nachingwea, aking'oa visiki kwenye mashamba ya karanga. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeona wekundu mchangani nilipochuchumaa nyuma ya nyumba. Hakuniuliza kama naumwa. Kwake jambo lilishajulikana: mke akitoka nje ya ndoa mumewe akiwa safarini, kisha akatia chumvi kwenye mboga, mtoto anayekula mboga ile hutokwa na damu.

"Mama yako huongea na nani kisimani?" akaniuliza, huku akinimenyea muwa.

Nikamtaja Saidi, jirani aliyemtwisha mama mtungi siku moja. Nilisema kweli tupu. Ikatosha.

Baba aliporudi na kusimuliwa na bibi, mama aliapa kwa msahafu. "Mtoto anaumwa, Baba Zainabu! Mpelekeni hospitali!"

Baba hakumtazama. Alitamka talaka tatu, na mama akarudi kwao Mtua peke yake. Mimi nilizuiwa, eti chumvi yake ingeniua. Nikawa nakula chumvi ya bibi, na damu ikaendelea kutoka vilevile. Hilo hawakuliona, au hawakutaka kuliona.

Mwaka uliofuata, dresa, yaani mganga msaidizi wa hospitali, kutoka Ruangwa alikuja shuleni kupima mikojo. Chupa zikapangwa mezani, nyingi nyekundu: yangu, ya mjukuu wa jumbe, hata za watoto wawili wa mwalimu. Dresa akaniruhusu nichungulie kwenye darubini yake. Niliona kiyai kimoja chenye mwiba.

"Kichocho," akasema. "Wadudu wake wanatoka kwa konokono wa lile bwawa mnaloogea. Wanapenya kwenye ngozi."

"Siyo chumvi?"

Akacheka. "Chumvi? Nani kakudanganya?"

Nilidungwa sindano nyingi, nikapona. Lakini siku ile ya kupimwa nilikimbia nyumbani kumwambia bibi. Hakuacha kupepeta ufuta. "Wazungu wana yao," akasema, "na sisi tuna yetu." Baba, ambaye alishaoa mwingine, alisema tu, "Hayo yamekwisha."

Yamekwisha kwa nani? Mama aliishi Mtua hadi kufa, wala hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Nilipopata akili za kusafiri nilimfuata, nikamweleza habari za zile chupa na kile kiyai chenye mwiba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilijua kuwa sikukosa. Sikuhitaji chupa."

Watu huniambia nimsamehe bibi, kwa sababu hakusoma. Ni kweli, hakusoma. Lakini mama naye hakusoma, na katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyesema nipelekwe hospitali.