Bidoni Katika Nafasi ya Mama Bahati

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka damu bado inanichemka, ingawa siku hiyo nilikuwa kijana wa kunyoa ndevu za kwanza, na leo hata meno yananiaga. Ilikuwa kwenye robine, bomba la maji la mtaa wetu wa Murara. Maji yalikuwa yamekatika kwa muda mrefu, na yaliporudi, mstari wa bidoni, madumu yetu ya maji, ulifika hadi barabarani. Nilipanga yangu alfajiri, kisha nikaenda hospitalini kumpelekea mama uji. Sikuacha mlinzi. Mtu wa Goma anajua desturi hii mpaka leo: ukishaweka bidoni yako kwenye mstari, umesimama wewe mwenyewe, hata kama miguu yako iko sokoni Birere.

Niliporudi niliikuta imetupwa pembeni, juu ya mawe ya volkano, mdomo umepasuka. Kijana mmoja mwenye kifua kipana alikuwa ameweka yake mahali pale. Watu wote waliona na wote walinyamaza. Mwenye nguvu mpishe, si ndivyo tunavyojifariji? Lakini Mama Kahindo, mzee aliyekuwa akiuza makaa hapo karibu, aliacha magunia yake, akaja akaikalia robine. Aliikalia kabisa, kitenge kikalowa maji.

"Bidon ya mutu njo mutu," alisema, yaani bidoni ya mtu ndiyo mtu mwenyewe. "Huyu alisukuma mutu, na nyiye wote mukaangalia. Hakuna mwenye atachota maji mpaka irudie fasi yake."

Yule kijana, Mama Kahindo alimkemea kidogo tu. Wale wengine, waliokuwa wameangalia, ndio aliowamalizia ukali wake, na wapo watu wazima walioinamisha vichwa. Bidoni yangu ikarudishwa kwenye mstari na mdomo wake uliopasuka.

Sasa utaniuliza kwa nini nakusumbua na habari za robine. Hapa mjini tuna jumba dogo la makumbusho, lenye ukumbi mmoja. Kwa kuwa ukumbi ni mmoja na watu wa Kivu ni wengi, maonyesho yanakwenda kwa zamu: mara vyombo vya wavuvi wa ziwa, mara picha za wachoraji wa mji, mara vitu vya wakulima wa Butembo na Beni. Mwaka huu zamu ilikuwa ya watu wa vilima vya Masisi, mpaka Pasaka ipite. Mimi ni mmoja wa wazee wanaoitwa kutoa ushauri pale, ushauri ambao mara nyingi husikilizwa kama redio ya jirani.

Mimi ndiye niliyemwomba jirani yangu, Mama Bahati, atuazime chombo chake cha maziwa. Ni cha mti uliochongwa, kina kifuniko cha kusuka kilichochongoka juu. Alipokimbia vita kutoka Masisi, wenzake walibeba magodoro. Yeye alibeba chombo hicho. Ng'ombe hawapo tena na boma halipo. Alisitasita sana, kisha akakubali kwa sababu moja tu: wajukuu wake wamezaliwa Goma, naye alitaka wakione kimesimama mahali pa heshima, wajue kwamba nyanya yao hakuzaliwa mkimbizi.

Jumapili moja ya Kwaresima, baada ya misa, aliwaleta, wamevaa viatu vyao vya kanisani. Ukutani walikuta picha za mlima unaowaka moto. Wageni wakubwa walikuwa wanatarajiwa, na vijana wanaopanga maonyesho waliamua kwamba moto utawapendeza wageni kuliko vitu vya wafugaji. Mlinzi alimfungulia Mama Bahati chumba cha mafagio. Chombo kilikuwa kimelazwa sakafuni, kifuniko kiko chini ya ndoo. Kwetu hata mtoto anajua kwamba chombo cha maziwa hakiwekwi chini. Alikipangusa kwa kitenge, akarudi nacho nyumbani, wajukuu wakimfuata nyuma.

Alipita mlangoni kwangu. "Papa Anselme," alisema, "ulinidanganya."

Nilikasirika, mwanangu, na sioni haya kusema hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atupwe kwenye chumba cha mafagio. Nilimwendea Aline, binti anayesimamia ukumbi, mtoto wa Birere, msomi na mwenye adabu.

"Papa, ni ya muda kidogo tu," alinijibu. "Wageni wakienda, tutarudisha vitu vya Masisi."

"Nani alikuambia zamu yao imeisha?"

"Lakini hakuna mwenye alilalamika, Papa."

Neno hilo ndilo lililonichoma. Wangelalamika akina nani, na wengi wa wenye vitu hivyo wako kambini, wanahangaika na turubai? Yaani mtu akiwa mbali, kimya chake kinakuwa ruhusa? Usiache mbachao kwa msala upitao. Wageni wale wangelala siku chache hotelini na kuondoka, na Mama Bahati ni wa kwetu.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya mlima nilivaa suti, nikabeba bidoni ya manjano, tupu. Juu ya kijukwaa kilichokuwa na chombo cha Mama Bahati walikuwa wameweka maua ya plastiki. Niliyaondoa, nikaiweka bidoni, nikavuta kiti nikaketi kando yake. Wageni waliizunguka kwa heshima. Mmoja aliipiga picha, akauliza msanii anaitwa nani, nikamwambia amerudi nyumbani na hasira zake.

Aline alikuja mbio, sauti ameishusha. "Muzee, unatupatisha haya. Hii bidon inafanya nini hapa?"

"Iko ku mustari," nilimwambia. "Inangojea mwenyewe. Wewe ni mutoto wa Birere. Isukume, kama unaweza."

Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Amekulia kwenye mistari ya maji kama sisi wote. Aliwageukia wageni akawaambia kwamba nafasi hii ni ya Mama Bahati wa Masisi, kwamba zamu yake haijaisha, na kwamba aliyemwondoa ni yeye Aline.

Kesho yake alikwenda Murara kuomba radhi. Mama Bahati hakumpa kiti upesi.

"Kitarudi," alisema mwishowe. "Lakini ni wewe utakibeba. Na mikono mbili, na miguu, watu wakuone."

Basi Aline alikibeba kifuani kutoka Murara, kati ya pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa viazi, wajukuu wakimtangulia na kuwafokea watu wampishe nyanya yao. Sikukosea kusema: walisema nyanya yao, si chombo. Picha za mlima ziliteremshwa zikangoja Pasaka, na ilipopita zilipata zamu yake, nami nilizisifu. Bidoni yangu niliichukua nikaenda nayo robineni, kwa maana nyumbani maji yalikuwa yamekwisha.

Mwanangu, siku moja utapewa ufunguo wa ukumbi, au wa ofisi, au wa nchi. Kitu cha mtu alichokiweka mbele ya watu kinamshikia nafasi yake. Usikiondoe kwa sababu yeye hayupo kukuona, wala kwa sababu anayekuja amevaa vizuri kuliko yeye. Na ukimwona mwingine anakisukuma, usisimame na kuangalia. Ikalie robine, kitenge kilowe.

Mungu akupe zamu iliyo njema. Na siku utakapokuwa mbali, usiweze kuja kujisemea, akuinulie mtu wa kuilinda bidoni yako.