Beji Kifuani mwa Mama Mkwe

Miaka ile ya tisini nilikuwa mtaalamu wa beji za kofia za jeshi la Mwingereza, cheo nilichojipa mwenyewe. Wiki nzima nilisukuma makasha kwenye ghala moja Rexdale, huku ughaibuni. Jumamosi nilishinda kwenye soko la vitu vikuukuu, nikigeuzageuza beji chini ya kioo cha kukuzia kana kwamba nimeajiriwa na Malkia. Nilijua kuwa beji ya askari wa kawaida ni shaba tupu, ya ofisa huenda ikapakwa dhahabu au kutiwa rangi ya kahawia, na kwamba shaba ilipoadimika vitani walitengeneza hata za plastiki. Mke wangu alikwisha kuchoka kuyasikia hayo.

Ndipo mama yake akaja kutoka Kakamega kukaa nasi. Jumapili ya kwanza kanisani nikaona amebana kitenge chake kifuani kwa beji ya kofia ya marehemu mumewe, aliyepigana Burma. Mng'ao ule sikuwahi kuuona: njano ya asali, laini, bila doa hata moja. Shaba kuukuu haikai hivyo.

Lakini kwetu mkwe ni mkwe. Sikuwa nimempa mkono wala kula naye meza moja, na mbele yake macho yangu yalikaa kwenye zulia. Ningemwambiaje naomba nikukague kifua? Nikaamua kuchunguza kwa mbali. Wiki hii nilikaa kulia kwake, wiki ijayo kushoto, nikitafuta mwanga wa dirisha. Wakati wa maombi, wenzangu wakifumba macho, mimi niliyatoa yangu yote. Nikahitimisha: dhahabu ya ofisa. Kwamba Mwafrika hakupewa uofisa siku zile, hilo sikutaka linisumbue.

Jumamosi moja jioni mke wangu akanifuata jikoni.

"Mum anataka kurudi nyumbani. Anasema unamwangalia kifua church, every Sunday! Wewe uko sawa kweli?"

Aibu ilinipanda hadi masikio yakawaka. Nikamweleza habari za beji, nikiapa kwa kila kitu. Alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akaenda chumbani kwa mama yake, akarudi na beji ndani ya leso.

Nikakimbilia bafuni. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haigusi dhahabu, lakini kama mng'ao ni wa vanishi tu, huuondoa mara moja. Nikalowesha pamba.

"Mwanangu." Mama mkwe alikuwa nje ya mlango. Hakuwa amewahi kunisemesha moja kwa moja. "Nasikia harufu ya ile dawa ya kucha. Angalia tu, usisugue."

Akanieleza akiwa hukohuko nje. Mumewe aliisugua beji ile kwa braso, ile dawa ya kung'arishia shaba, kila Jumapili. Jumapili ya mwisho aliisugua, akanywa chai, akajinyoosha kidogo, hakuamka.

"Nilijua itafifia. Nikachukua rangi ya kucha aliyoiacha mkeo nyumbani, ile isiyoonekana, nikaipaka juu. Huo mng'ao ni wa mkono wake."

Pamba ilikuwa ikinidondokea vidoleni. Nikaitupa chooni, nikakaa ukingoni mwa bafu na utaalamu wangu wote, nikalia.

"Nimeikagua, mama," nikasema nilipoweza. "Iko safi."

"Najua," akajibu. "Ilete. Kesho nitaivaa, na wewe utakaa viti vya mbele yangu."