Saa ya Mama Foronya

Asubuhi ya mwisho waliyoamka kama watu wengine, Mama Foronya alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, kichwa kimezama kwenye nyaya, miguu yenye soksi imeparamia kiti cha abiria. Mume wake alipiga magoti mlangoni mwa gari, ameshika tochi.

"Mzee, mbona mwanga unachezacheza? Unamulika au unapepeta?"

"Namulika."

"Basi mulika nyaya, siyo goti langu. Goti nalijua."

Akacheka peke yake humo chini. Mume hakucheka. Umeme ulikuwa adui yake. Ujanani aliona lori la jirani likiteketea kwa sababu ya waya mmoja, na tangu hapo hata taa ya ukutani aliiwasha kwa ncha ya kidole, mwili mzima uko tayari kukimbia.

Gari lenyewe ndilo lililokuwa nyumba yao. Basi dogo kuukuu, viti vya nyuma vimeng'olewa, mahali pake kuna kitanda, jiko la gesi, kabati na cherehani. Mama Foronya ndiye aliyelipanga, na ndiye aliyeliendesha. Mume hakuwahi kushika usukani. Walizunguka nalo mji hadi mji, kwenye mabweni na nyumba za wageni, mama akishona foronya, mapazia na magodoro yaliyochanika, mume akikata vitambaa na kubeba. Jina la Foronya alibandikwa na mteja mmoja, likamganda kuliko la kuzaliwa.

Binti yao mkubwa hakuyapenda maisha hayo. "Mama, watu wazima mnalala garini kama waliofukuzwa!"

"Mwanangu, wewe nyumba yako ikikuchosha unaisogeza wapi?"

Binti akachukua mkoba wake, akaaga.

Ila moyo wa mama ulikuwa mgonjwa. Umetanuka, ndivyo walivyoambiwa hospitali. Akapewa vidonge vya kumeza saa ileile kila asubuhi na kila jioni. Nesi alipokuwa anaeleza alimtazama mume, siyo mgonjwa. "Baba, dawa hii haipendi kuchelewa." Maneno hayo yalimkwama mume kooni kama mwiba wa samaki. Halafu simu yao ikatumbukia kwenye beseni la nguo, ikafa, wakabaki wanakisia saa kwa jua. Haukupita muda, mama akashona akapitiliza saa ya kidonge, akaangukia cherehani, midomo imebadilika rangi. Toka siku hiyo mume alikuwa halali. Analaza sikio mgongoni mwa mkewe, anasikiliza kama pumzi bado zipo.

Ndipo mama akanunua saa kwa muuza spea. Saa ya gari, yenye namba kubwa za kijani, za kuonekana hata ukiwa kitandani. Waya mweusi wa kufungwa kwenye bodi. Mwekundu wa kuing'arisha ufunguo ukizungushwa. Wa njano wa kuipa umeme muda wote, isije ikasahau. Huo wa njano aliamua kuuunga na waya wa taa ya dari.

"Kichwa cha betri umekitoa?" mume akauliza tena.

"Nimekitoa, baba. Spana hiyo hapo kitini. Umeme ungekuwepo, soksi zangu zingekuwa zinawaka."

Kweli alikuwa amekitoa, kwenye betri ya mbele, ile ya kuwashia injini. Lakini gari lile lilikuwa na betri nyingine chini ya kitanda, ya taa na feni, ili wakilala wasiimalize ya mbele. Mama mwenyewe ndiye aliyeifunga, zamani, na taa ya dari akaihamishia huko. Asubuhi hiyo alisahau kazi ya mikono yake.

Akauchuna waya. Ncha ikagusa chuma.

Cheche ikaruka. Kisha moshi mweupe, na harufu ya plastiki inayoungua. Miguu ikarusha teke moja, ikatulia.

"Mama!"

Kimya.

"Mama Foronya!"

Kimya. Moshi ulishika njia ya waya, ukatambaa darini kuelekea nyuma, kule kwenye kitanda na mtungi wa gesi. Akaufuata kwa macho, na hapo akaelewa ni betri ipi. Alitaka kukimbia. Miguu yake ilishaanza kugeuka. Akapiga moyo konde, akaruka kiti, akapindua godoro, cherehani ikaanguka huko, akaushika ule waya wa betri kwa mikono mitupu, macho ameyafumba, akauvuta. Ukang'oka. Akabaki ameushikilia, hajui kama yu hai.

Moshi ukakatika.

Akarudi mbele kwa kutambaa, akamvuta mkewe kwa vifundo vya miguu. Mama akatoka na masizi puani, waya ameukamata kwa mikono miwili, koleo ameling'ata kwenye meno. Akalitema.

"Unaning'oa mguu, wewe!"

"Mbona huitiki?"

"Niitike na koleo mdomoni? Nilikuwa nautoa waya kwenye chuma!"

Mume akakaa chini, akalia kama mtoto. Mama akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake, akampaka masizi zaidi. Halafu mkono wake ukaenda kifuani, ukakaa hapo. Mume akauona.

"Nini?"

"Moshi tu."

"Twende hospitali."

"Tutaenda. Saa kwanza. Bila saa utaniua kwa maswali."

Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Akabadilisha waya ulioungua, safari hii akatia na fyuzi, akaviringisha tepu nyeusi, akaipachika saa juu ya kioo cha mbele. Betri zote mbili zikarudishiwa vichwa vyake. Namba za kijani zikawaka. Redio ya gereji jirani ilipotangaza saa, akairekebisha. Wakati wa kidonge ulikuwa umefika. Akameza, akatoa ulimi kumwonyesha mumewe.

"Umeona? Hatujachelewa."

Wakaondoka kwenda hospitali. Walipovuka soko, mama akapunguza mwendo. Akawasha taa ya kukata kona, akaliweka gari pembeni vizuri kabisa, kama mtu anayefanya mtihani. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Jasho lilikuwa linamtiririka, na rangi ya midomo ilikuwa ile ile ya siku ya cherehani.

Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao akaja dirishani. "Mama, vipi?" Alipomwona akakimbia kutafuta teksi. Ilipofika, Mama Foronya hakuwa wa kupelekwa popote tena.

Lakini kabla haijafika, mume alikuwa anahangaika pale kitini. Wapi panauma? Nikuletee maji? Nikulaze? Mikono haijui pa kushika. Mke wake, ambaye maisha yao yote hakuwahi kusema anaogopa kitu, hata mimba ya kwanza ilipoharibika, hata walipouza nyumba, akamkamata mkono, akautuliza juu ya usukani, chini ya mkono wake. Akasema hivi:

"Sasa niachie mimi niogope kidogo, mzee. Wewe umeogopa tangu asubuhi, pumzika."