Adhuhuri ya Kigari cha Momade

Juzi msusi wangu alipasha mafuta ya nyonyo, yakamshinda, yakaungua. Ile harufu nzito iliponipanda puani nilimwambia aniache kwanza nitoke nje. Akaniona nina madeko. Laiti angejua, wenzangu! Nilikuwa nimerudi kwetu Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, nina miaka tisa.

Wakati ule gesi ilikuwa imegunduliwa baharini na Palma imejaa wageni. Kaka yangu Momade alikuwa akimfulia nguo mzungu mmoja wa kambi ya Afungi. Huyo akampa kigari chake kibovu cha kuendeshwa kwa rimoti, pamoja na chupa ya mafuta yake. Si cha betri, jamani; kilikuwa na motori ya kweli, ndogo kama ngumi yangu. Akamwambia, "Ukiweza kukikimbiza, njoo gereji Jumatatu, kazi ipo." Basi Momade hakula, hakulala.

Mafuta yenyewe yalinuka nyonyo na kitu kingine kikali nisichokijua. Momade alichutama uani akizungusha parafuso ya kabureta, skrubu ya kupimia mafuta, kidogo kidogo, kichwa kainamisha, anasikiliza. Motori ikilia sauti nyembamba, anasema ina kiu, itaungua. Ikikohoa moshi, imeshiba kupita kiasi. Kisha anaidondoshea mate juu. Yakikauka chwaa, sharti ipoe kwanza. Jumapili adhuhuri yalikauka chwaa, lakini Jumatatu ilimwita, hakungoja. Akamimina mafuta, yakafurika juu ya chuma cha moto, yakamrukia mkononi na kifuani.

Akaruka. Akazunguka ua mzima akijipiga kifua, macho yamemtoka, anapayuka maneno yasiyoshikika. Moto haukuwapo, nawaapia, wala moshi. Jua tu na mchanga mweupe. Kigari nacho kinalia palepale.

Majirani wakaingia. "Kapandwa huyu!" akasema mama mmoja. Na kwetu aliyepandwa na shetani hashikwi, anapokelewa. Wakaanza kumwimbia na kumpigia makofi, ili shetani ataje jina lake. Nami nikapiga, tena kwa bidii, nikijivunia kwamba leo jambo kubwa liko nyumbani kwetu. Tulivyozidi kupiga ndivyo alivyozidi kucheza. Shati lake likaanza kujikunja lenyewe, likageuka jeusi, likatoboka. Shetani gani huyu, tukasema, ana nguvu!

Bibi alitokea jikoni. Macho yake yalikuwa yameshafifia, alitegemea pua. "Nyie! Mtu anaungua!" Akamrukia na kanga iliyoloa, wakaanguka wote wawili.

Momade alipona, ila vidole vya mkono wa kulia vilishikana, na gereji hakwenda. Mimi niliendelea kuamini ni shetani, mpaka siku mwalimu wetu wa sekondari alipowasha juani spiriti ya namna ileile iliyokuwa ndani ya mafuta ya kigari, akasogeza karatasi. Karatasi ikaungua, moto hatukuuona. Wenzangu walishangilia. Mimi nililia, nikatolewa darasani.

Likizo iliyofuata nilimuuliza Momade alikuwa akisema nini siku ile.

"Nilikuwa nakuita wewe, mdogo wangu," akasema. "Makofi yalizidi."